Chungu cha Isombe

Parachichi la kwanza lilipiga bati saa moja na robo usiku, nikadhani ni jiwe. La pili likafuata, na la tatu, kisha mvua ya mawe ikamwagika na sauti zote zikachanganyika: barafu, matunda, na upepo ulioshuka kutoka Mlima Kigali ukipita Nyamirambo kama mtu aliyechelewa. Ilikuwa Jumapili ya Novemba, katikati ya mvua za umuhindo, vuli ya hapa. Mparachichi wetu ulikuwapo kabla hatujapanga nyumba hii. Ni mrefu kuliko paa, na matunda yake yana shingo ndefu na ganda la kijani lisilobadilika hata yakiiva. Ule mlio wa mwisho haukuwa wa tunda. Ulikuwa wa tawi.

Nyumba za mtaa wetu zimepangana mlimani kama ngazi, paa la jirani wa chini likiwa usawa wa miguu yetu. Tawi lilianguka huko. Tulishuka na tochi za simu, mimi na Baba watoto, tukamkuta Bibi, jirani wetu wa chini, amesimama chini ya upenu wa banda lake la jiko, kitenge kichwani, mkononi ameshika kifuniko. Kifuniko tu. Chungu chenyewe kilikuwa kimepasuka vipande viwili juu ya mafiga, makaa yanafuka, na isombe imetapakaa sakafuni, kijani kibichi ndani ya maji ya mvua. Aliyewahi kupika kisamvu anajua kilichomwagika pale. Majani yametwangwa, yamechemshwa tangu alasiri, yametiwa karanga na mawese, na yalikuwa karibu kuepuliwa.

"Nta kibazo," alisema. Hakuna shida. Akarudia kwa Kiswahili ili nami niliyetoka Ujiji nisikie vizuri, kisha akaingia ndani na kufunga mlango polepole. Serikali ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini kwenye ngazi hizi za Nyamirambo kilikuwa kimeshazaa wajukuu. Bibi anakizungumza vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo niliielewa ile "hakuna shida" kwa lugha zote mbili, na sikulala.

Jumatatu asubuhi Baba watoto alinunua mabati mawili, na kabla ya adhuhuri yalikuwa yamepigiliwa. Alirudi ametulia. Mama yake, ambaye alikuwa kwetu kutoka Huye kwa ajili ya matibabu ya macho, alikuwa barazani anachambua maharage kwa vidole kwa kuwa macho yalikuwa bado hayajampa ruhusa. Hakuinua kichwa.

"Bati mmelipa," alisema. "Chungu hamjalipa."

Uani matunda yalikuwa yametanda kama mahali palipovunjwa soko. Tuliokota 137. Kati ya hayo 26 yalikuwa yamepasuka, yakaenda shimo la mbolea. Yaliyobaki 111 yalikuwa magumu, na hapo ndipo wazo liliponijia, nami nikalitamka kabla ya kulipima. Jumamosi ile ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, yaani siku ya umuganda, kazi za pamoja za mtaa. Baada ya kazi na mkutano, watu wa mtaa wetu hukaa pamoja kwenye kiwanja cha chini, kila nyumba ikileta ilichonacho. Nikasema mbele ya mkuu wa umudugudu, mtaa wetu huu, kwamba nyumba yetu italeta beseni la parachichi la kuponda, lililosheheni kila kitu, la watu 40, na kwamba sahani ya kwanza itakuwa ya Bibi wa chini.

Parachichi haliivi mtini. Likikomaa linaweza kukaa tawini wiki nyingi bila kulainika, mti ukiwa ndio ghala lake. Linaanza kuiva siku linapoachana na kikonyo. Hilo bibi yangu wa Ujiji, aliyeyaita mapea, alilijua bila darasa: alikuwa akiyavundika ndani ya gunia pamoja na ndizi mbivu na kulifunga mdomo. Baba watoto, ambaye hufundisha biolojia sekondari, analieleza kwa jina la gesi. Ndizi inayoiva hutoa ethilini, na ethilini ikifungiwa na parachichi huliamsha nalo lianze kutoa yake. Mimi na yeye tulikuwa tunasema kitu kimoja. Nikachukua magunia matatu ya katani, nikayapanga matunda kwa ukubwa. Makubwa yakaenda stoo, ya kati chini ya kitanda chetu, madogo jikoni karibu na jiko, kwa kuwa niliamini dogo litawahi.

Mama mkwe alinisikiliza nikipanga. "Kwetu hatupangi kwa ukubwa, mukazana wanjye," alisema. "Tunapanga kwa mti ulivyosema." Sikumwelewa, na nilikuwa na haraka, sikumuuliza.

Jumanne, mawe. Jumatano, mawe. Nyumba nzima ilinuka ndizi, hata mashuka. Kila usiku niliamka kupapasa gunia la chini ya kitanda, na Baba watoto akageukia ukutani bila kusema neno. Alhamisi nikaanza kuogopa. Ijumaa saa 10 alasiri nikatia mkono gunia la stoo, kidole kikazama kidogo na kurudi, kama unapobonyeza shavu la mtoto aliyelala. Nikafungua la chini ya kitanda, hivyo hivyo. La jikoni pia nililiona laini. Yote 111, siku moja. Ndiyo tabia ya tunda hili, na ndiyo sababu mwenye mparachichi hawezi kuishi peke yake. Siku tano halikuhitaji, kisha siku ya sita linataka watu wote waje leo.

Usiku ule nilitayarisha vya kuweka juu. Binamu yangu aliyeolewa Muscat alikuwa amenitumia maelezo ya parachichi la kuponda kwa sauti, dakika 4 nzima. Kwao hilo ni chakula cha Ijumaa jioni: parachichi lililopondwa chini, maziwa mazito juu yake, kisha mapambo tabaka kwa tabaka, watu wanazunguka sinia moja na kuchovya. "Usilisage kwa mashine," alisisitiza, "litakuwa uji wa mtoto. Liponde kwa uma, mabonge yabaki." Mahali pa maziwa yake ya dukani nilitumia ikivuguto, maziwa mgando ya hapa, nikayatundika ndani ya kitambaa cheupe juu ya ndoo hadi maji yake yakadondoka na kubaki kitu kizito kama jibini changa. Nikachemsha mayai 10. Nikakwangua jibini la Gishwati. Nikakaanga sambaza hadi wakalia wakitikiswa.

Hao sambaza ni wa Ziwa Kivu, lakini asili yao si Kivu. Walichukuliwa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa huku, wakashika. Kila ninapowakaanga najiambia mimi nao tumetoka ziwa moja.

Jumamosi saa 11 alfajiri nikaanza kupasua. Nilianza na gunia la jikoni kwa kuwa lilikuwa karibu. Kisu kiliingia, lakini kilizunguka kwa shida, na tundani kulikuwa na kitu nilichokiona na kukipita: kokwa lilikuwa limevaa ngozi nene, nyeupe, iliyoshikamana na nyama. Kokwa la parachichi lililokomaa huvaa kigamba chembamba cha kahawia, kikavu kama karatasi. Nilikuwa nimepasua maparachichi maisha yangu yote na mikono yangu ilijua tofauti hiyo. Lakini mikono ilikuwa ya mtu aliyehesabu saa. Nilipasua 40, nikayatia yote kwenye beseni, nikakamulia ndimu 12 zote nilizokuwa nazo, vitunguu maji, giligilani, chumvi, nikaponda. Hayakupondeka vizuri. Yalirudi chini ya uma kama mpira.

Nilionja saa moja na robo. Uchungu haukuja mara moja. Ulingoja nimeze, ukatokea nyuma ya ulimi na kukaa hapo.

Nikaongeza chumvi. Nikaongeza nyanya zilizokuwa za kupamba. Kisha nikachukua Akabanga, kile kichupa kidogo cha mafuta ya pilipili kinachotengenezwa Nyirangarama, kwenye barabara ya kwenda Musanze. Jina lake lina maana ya siri ndogo, na matumizi yake ni tone moja au mawili kwa sahani. Nilitaka kufunika uchungu. Nikadondosha, nikakoroga, nikaonja, nikadondosha tena, hadi ulimi ukafa na sikuweza kujua ninachopika. Nikampelekea mama mkwe kijiko. Alikiweka mdomoni, akafumba macho, akanyoosha mkono kutafuta maji. Alipokwisha kunywa alisema kwa upole:

"Hiki si cha kumpelekea mtu uliyemvunjia chungu."

Asubuhi ya umuganda Kigali hufunga. Kuanzia saa 2 hadi saa 5 maduka yamefungwa, magari yamesimama, na soko la Kimironko, hata kama ningeweza kulifikia, lisingekuwa na mtu wa kuniuzia ndimu. Nilikaa juu ya gunia tupu nikalia. Niliona mabati yaliyopigiliwa, watu 40 wakingoja, mkuu wa umudugudu na daftari lake, na uso wa Bibi akiletewa ile sahani ya kwanza.

Mama mkwe akaniambia nimletee gunia la stoo, kisu na sinia. Akachukua tunda moja, akakwanyua kikonyo kwa ukucha, akanusa kile kishimo, akapasua, akapapasa kokwa kwa kidole gumba, akakata kipande chembamba kwa ncha ya kisu na kukila. Akaliweka kulia. La pili likaenda kulia. La tatu akalipapasa kokwa, akanisogezea kidole changu pale: ngozi nene, laini, yenye unyevu. "Hili dhoruba imelitoa mimba," alisema. Likaenda kushoto. Hapo nikaelewa mti ulivyosema. Tunda lililoangushwa halijakomaa halitaiva hata ulifungie na ndizi za Rwanda nzima. Litanyauka, litakuwa mpira, litakuwa chungu. Na katika mti wa aina yetu, madogo mengi ni yale ambayo bado. Nilikuwa nimeyakusanya yote gunia moja, kisha nikayapasua ya kwanza.

"Nenda kazini," alisema. "Mimi umuganda umenisamehe kwa miaka yangu. Ndimu nitatafuta."

Kazi yetu siku hiyo ilikuwa kuzibua mtaro uliozibwa na mvua ileile ya Jumapili. Tuliingia hadi magotini. Kijana wa Bibi alikuwa mbele yangu na chepeo, nami sikujua nimtazame vipi. Tulipopumzika, Baba watoto alianza kuwaeleza vijana jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia, na miaka 8 tunaishi chini ya mti ule. Kutoka mtaroni unaonekana mparachichi wetu, na juu zaidi mlimani mwingine, kwa jirani wa juu. Ua la parachichi, alisema, hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni jike tu, linapokea. Linafunga. Kesho yake linafunguka tena, sasa ni dume, linatoa. Kuna miti inayopokea asubuhi, na kuna inayopokea alasiri. Wetu ukiwa unapokea, wa juu unatoa, na nyuki wanapita katikati. Mti uliopandwa peke yake mara nyingi huzaa machache. Kijana wa Bibi akachomeka chepeo kwenye tope, akaangalia mti wa juu, kisha wetu, kisha paa lao.

"Basi lile tawi ni la watu wengi," alisema. Hapo ndipo nilipoweza kumwangalia.

Mkutano uliisha saa 6 kasoro. Tulipokuwa tunapanda ngazi, matope hadi mapajani, nilimwona mwanetu wa kwanza anashuka upande wa pili na ndoo imejaa maganda na makokwa, anaelekea banda la sungura la Bibi. Alitaka kusaidia. Aliwaonea huruma sungura. Baba watoto alimwita kwa sauti ambayo sijamsikia akiitumia hata kwa wanafunzi, akaruka ukuta mdogo, akaishika ndoo mkono wa mtoto ukiwa tayari ndani ya banda. Majani, maganda na makokwa ya parachichi yana sumu iitwayo pasini. Mtu hadhuriki kwa kula nyama ya tunda, lakini sungura, mbuzi na ndege wanaweza kufa. Nawaomba wote wanaofuga: maganda yaende shimoni. Nilifikiri juu ya kurudi kwa Bibi mara ya pili, baada ya chungu, kuja kumwambia juu ya sungura, na miguu ikanilegea palepale kwenye ngazi.

Nilipofika mlangoni nilisikia sauti mbili. Mama mkwe alikuwa ametuma mtoto kwa Bibi kuomba ndimu. Mimi nisingethubutu, ningekufa na beseni langu kuliko kumwomba ndimu mtu ninayedaiwa. Bibi hakuwa na ndimu. Alikuwa na ibinyomoro, yale matunda damu yenye umbo la yai, akayafunga kwenye pembe ya kitenge na kuja nayo mwenyewe. Sasa walikuwa wameketi mkekani, miguu imenyooshwa, sinia katikati, kila mmoja na kisu chake. Mmoja anapasua na kuonja, mwingine anakubali au anakataa. Bibi alikuwa anakata ikinyomoro nusu, anakikamua kwa kijiko, ule utelezi wa rangi ya machungwa na mbegu zake nyeusi unaanguka juu ya parachichi, na anaponda kwa mwiko wake. Alikuwa amekuja na mwiko wake.

"Karibu nyumbani kwako," aliniambia, bila kuacha kuponda. "Kaoge. Haya yanataka chumvi, mkono wangu sikuuamini kwenye chumvi yako."

Ukali wa ikinyomoro si kama wa ndimu. Ndimu inakata na kuondoka. Ikinyomoro kina chumvichumvi ndani yake, kinakaribia nyanya, na kinakaa na mafuta ya parachichi bila kugombana nayo. Tangu siku hiyo situmii kingine. Kati ya yaliyobaki gunia la stoo na la chini ya kitanda, wazee wale walikubali 52. Tuliyaponda 38, mengine tukayaacha mazima kwa wenye kutaka kula na maharage, kama wengi hapa wanavyoyapenda. Tukatandaza parachichi kwenye sinia kubwa mbili, tukapaka ikivuguto juu, tukafuatisha vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi, mayai yaliyokatwakatwa, jibini, na mwisho sambaza, wasilowe. Akabanga ikawekwa pembeni ndani ya kichupa chake, kila mtu na tone lake.

Binamu wa Muscat alikuwa ameniambia nifunike kwa plastiki nyembamba ili lisiwe jeusi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na sisi wa nyumbani tumeshazoea njia nyingine. Bibi alikwenda kwake, akarudi na jani la mgomba, akalipitisha juu ya moto taratibu hadi likabadilika kutoka kijani cha vumbi kuwa kijani kinachong'aa na kulainika kama kitambaa. Kisha tukalilaza moja kwa moja juu ya chakula, tukilipapasa kwa viganja hewa itoke. Hewa ndiyo inayolifanya parachichi kuwa jeusi, haina habari na kokwa. Watu huchomeka kokwa katikati ya bakuli wakidhani linalinda. Linalinda pale tu lilipogusa.

Kiwanjani tulibeba sinia wanne. Chapati zilikuwa zimekatwa pembe tatu na kukaushwa kikaangoni, kulikuwa na mihogo ya kukaanga na ndizi za kuchoma za nyumba nyingine. Jani lilipoinuliwa, rangi ilikuwa ileile. Nikachota sahani ya kwanza, nikaishika kwa mikono miwili, nikapiga goti kwa Bibi kama ningefanya kwa bibi yangu wa Ujiji. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikasema tu, "Bibi, chungu."

Alipokea. Alichovya kipande cha muhogo, akatafuna akiangalia mbali. Sambaza walisikika wakivunjika mdomoni mwake. Akachovya tena. Dakika 25 baadaye sinia zote mbili zilikuwa zimefutwa kwa chapati, na watoto walikuwa wanagombania jani.

Jioni nilimpelekea chungu kipya nilichopata kwa mfinyanzi wa karibu. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio wake, akakubali. Nikamwuliza kuhusu tawi la pili, lililobaki likining'inia juu ya banda lake. Baada ya chakula kile nilitumaini atasema liachwe.

"Limekula mabati yangu lile la kwanza," alisema. "Chakula nimekula, ni kizuri sana. Tawi mlikate."

Jumapili Baba watoto alipanda na msumeno, kijana wa Bibi akashika kamba chini, na likashuka polepole bila kugusa bati. Kuni zake alichukua Bibi. Matunda yalikuwa 22. Mama mkwe aliyapasua matatu, akapapasa makokwa, akatikisa kichwa. Safari hii hatukuvundika hata moja.